Maswali na majibu: nyumba za miti na udongo, na sementi inayoziozesha

Barua za safari hii ni nyingi, na nyingi kati yake zinauliza jambo lile lile: nyumba ya zamani ya miti na udongo imepata nyufa, fundi ameshauri ipigwe lipu ya sementi, je, ni sawa? Nitajibu leo kwa kirefu, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Unapoandika, sema nyumba iko wapi, ardhi yake ni mchanga au mfinyanzi, imeezekwa kwa nini, na mguu wa ukuta, pale ukuta unapokutana na ardhi, uko katika hali gani. Bila hayo nabaki kukisia, na nyumba hizi watu wanalala ndani yake.

Swali: Shikamoo mzee. Nyumba ya marehemu babu iko shambani, nje kidogo ya Pangani. Ni ya miti na udongo, paa la mabati. Ukuta unaopigwa na mvua ya kusi umepasuka, na chini udongo unamomonyoka hadi fito zinaonekana. Fundi anasema tupige lipu ya sementi nje kote, itadumu. Tukubali?

Marahaba, mwanangu. Msikubali. Lipu hiyo itapendeza mwaka mmoja au miwili, majirani watawasifu, na muda wote huo miti ya babu yako itakuwa inaoza mahali msipopaona.

Elewa kwanza nyumba hiyo imesimamaje. Kinachobeba paa si ukuta, ni nguzo zilizochimbiwa ardhini. Juu ya nguzo umelazwa mwamba, yaani mti mrefu wa mlalo, juu ya mwamba yamekaa makombamoyo, ile miti inayofuata mwinuko wa paa, juu ya makombamoyo pau, miti myembamba inayoshika makuti au mabati. Fito zimefungwa mlalo ndani na nje ya nguzo, na katikati pamejazwa udongo na vijiwe. Kazi ya udongo ni kuzuia upepo, joto na macho ya watu, na kuitunza miti iliyo ndani yake. Mvua ikinyesha, udongo unanyonya unyevu. Jua likiwaka, unautoa. Mti uliokandikwa kwa udongo wa namna hiyo hukaa mkavu sehemu kubwa ya mwaka, na mti mkavu hauozi.

Sasa weka sementi juu yake. Udongo unavimba na kunywea kila msimu, sementi haiwezi kuufuata, kwa hiyo inapasuka. Maji ya mvua yanapenya katika nyufa, lakini hayana njia ya kutokea kwa sababu ukuta wote uliobaki umezibwa. Yanateremka hadi mguuni na kukaa humo. Mti unapobaki na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, ukungu wa kuozesha hupata nafasi, na mchwa naye hufuata palipo na unyevu. Siku lipu inapobanduka, hubanduka na udongo wake, na nyuma yake mnakuta nguzo inayochimbika kwa kijiko. Hapo yule fundi atawaambia kwamba nyumba za udongo hazifai, mjenge ya tofali, na kazi hiyo ataomba apewe yeye.

Fanyeni hivi, kwa mpangilio huu. Anzeni juu. Tazameni upenu: mabati yanatokeza kiasi gani nje ya ukuta? Kama ni chini ya urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, na hakuna kitakachowekwa ukutani kitakachouponya. Refusheni upenu, au jengeni kipaa kidogo cha makuti upande wa kusi.

Kisha shukeni chini. Kwa miaka mingi takataka na udongo wa uani hujilundika kwenye ukuta, mpaka ardhi ya nje inakuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Ondoeni udongo huo, teremsheni ardhi, chimbeni mchirizi unaoyatoa maji mbali. Halafu pangeni mawe mguuni mwa ukuta ili matone yanayoruka kutoka chini yapige jiwe.

Baada ya hayo ndipo mfike kwenye udongo wenyewe. Tumieni udongo unaofanana na wa zamani. Upimeni kwa chupa inayopitisha mwanga: jazeni udongo theluthi moja, ongezeni maji, tikiseni sana, acheni utulie hadi kesho yake. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi utakuwa juu. Mfinyanzi ukizidi, ukuta utapasuka ukikauka, ongezeni mchanga. Mchanga ukizidi, utapukutika. Katieni ndani yake nyasi kavu fupi fupi, ukandeni kwa miguu, ulazeni usiku mmoja. Nyunyizeni maji ukuta wa zamani kabla ya kukandika, la sivyo udongo mpya hautashika. Kandikeni tabaka jembamba, liacheni likauke na kupasuka, ndipo mpige la pili la kuziba nyufa. Mkimaliza na ukuta ukikauka kabisa, pakeni chokaa nyepesi, mara tatu au nne, kila mara ikiwa imekauka ile ya kwanza. Kazi hii ni ya baada ya masika, kuanzia Juni. Anayekandika ukuta mwezi wa Aprili anapoteza nguvu zake.

Na tafadhali, chokaa mbichi inayotiwa maji huchemka na huunguza macho. Watoto wakae mbali.

Swali: Na tukitandika waya wa kuku kwanza, ndipo tupige sementi?

Hapana. Waya unaishika sementi, haumsaidii mti ulio nyuma yake.

Swali: Mimi sitaki lipu. Nataka kuchanganya sementi kidogo tu katika udongo wa kuziba. Mfuko mmoja kwa nyumba nzima. Kuna ubaya? (Msomaji, Kibaha)

Upo. Sementi kidogo katika udongo ni jambo jema unapofyatua tofali mpya za kushindilia, kwa sababu kuta zote zitakuwa na ugumu mmoja. Kwenye kiraka ni jambo jingine. Kiraka kigumu ndani ya ukuta laini hukataa kuachia unyevu, maji hukusanyika kwenye ukingo wake, na baada ya masika mawili kiraka kinaanguka kizima kikiacha shimo kubwa kuliko la mwanzo. Siichukii sementi. Ina kazi yake kwenye choo, kwenye kisima na kwenye kitako cha nguzo. Ukuta wa udongo si mahali pake.

Swali: Kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu lakini vyembamba hivyo? Na je, ni kweli kwamba nyumba kongwe huku Muscat zina boriti za kwetu?

Ni kweli, na jibu la maswali yote mawili ni moja. Boriti ya mkoko iliyonyooka, yenye nguvu ya kubeba dari ya mawe na chokaa, haitoi urefu mkubwa. Ukiondoa sehemu inayoingia ukutani, chumba kinabaki na upana wa mita mbili na nusu hadi tatu. Urefu wa chumba unaweza kuuongeza utakavyo kwa kupanga boriti nyingine pembeni ya nyingine, upana hauwezi. Kwa hiyo mti wa ufukoni ndio uliopanga vyumba vya Lamu, na vya Unguja mjini pia.

Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yamebeba boriti kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Ghuba haina misitu ya kutosha, kwa hiyo nyumba nyingi za kale za Oman, Kuwait na Bahrain zimebebwa na mikoko ya Afrika Mashariki, na vyumba vyake vina upana ule ule. Miti ilihesabiwa kwa korija, yaani 20, na kupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kenya ilipiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982.

Swali: Nahitaji nguzo kumi za mkoko kurekebisha banda la shamba. Naweza kukata mwenyewe ufukoni?

Huwezi bila kibali. Nenda ofisi ya misitu iliyo karibu nawe, bara au visiwani, uulize utaratibu kabla ya kushika shoka. Na usinunue mzigo wa usiku.

Swali: Mwalimu wetu wa historia alisema kabla ya wageni kuleta majengo ya mawe, watu wa pwani walikaa kwenye vibanda tu. Je, kuna ushahidi wowote wa nyumba za miti za zamani hizo? (Mwanafunzi, Kilwa Masoko)

Upo mwingi, na nakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu dharau hii ya kuita kila jengo la miti "kibanda" ndiyo inayofanya nyumba za babu zenu zibomolewe bila hata kupigwa picha.

Nenda Shanga, katika kisiwa cha Pate. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta pale misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, mahali pale pale, kizazi baada ya kizazi. Ya mwanzo, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Ya mawe ilikuja baadaye, na ilijengwa na jumuiya ile ile iliyokuwa ikiswali katika ya miti. Tumbe, Pemba, kulikuwa na makazi makubwa ya nyumba za miti na udongo kuanzia karne ya 7 hivi hadi ya 10. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba misikiti yake ni ya mbao na imejengwa kwa ustadi. Huyo alikuwa mtu aliyekwishaona miji mingi mikubwa, na hakuandika neno la dharau.

Hata mawe yalipoenea, udongo haukuondoka. Songo Mnara, huko huko kwenu, inajulikana kwa nyumba zake za mawe za karne ya 14 na 15, lakini uchimbaji umeonyesha kwamba ndani ya mji huo huo zilikuwapo pia nyumba za udongo.

Unauliza ushahidi unapatikanaje wakati mti umeshaoza. Nguzo iliyochimbiwa ardhini ikioza huacha duara la udongo mweusi, na mchimbaji mwenye subira huyafuata maduara hayo mpaka apate mpango wa nyumba nzima. Na nyumba ikiungua, udongo wa ukutani huokwa na moto ukawa mgumu, ukabaki na alama za fito upande wake wa ndani. Kipande kimoja cha udongo huo kinaweza kukuonyesha unene wa fito na jinsi zilivyopangwa, baada ya miaka elfu moja. Kwa hiyo mkiona vipande hivyo shambani msivitumie kujaza barabara. Viacheni mahali pake, na mtoe taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale.

Swali: Nitajuaje umri wa nyumba yetu ya Bagamoyo? Wazee wanasema ina miaka mia na hamsini.

Huenda mahali hapo pana nyumba kwa miaka mia na hamsini. Miti iliyosimama leo sidhani. Nyumba ya nguzo za kuchimbia hufanywa upya kidogo kidogo: leo nguzo mbili, baada ya miaka mitano ukuta wa nyuma, kisha paa lote. Kwa hiyo ulizia kila sehemu umri wake.

Angalia maungio. Yaliyofungwa kwa kamba ya usumba au ya ukindu yana uwezekano wa kuwa ya zamani kuliko yaliyopigwa misumari. Angalia paa: chini ya mabati ya sasa, je, pau bado zina alama za makuti? Kuna mabati ya kununua, na kuna mabati ya madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa, ambayo yanakupeleka moja kwa moja zama za ukoloni. Angalia mpango: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma na baraza mbele ni mpango ulioenea sana Dar es Salaam na Tanga zama hizo hizo. Halafu waulize wazee kwa kuifuata miti, wala usitaje miaka: nani aliichimbia nguzo ya kona? Alikuwa ameshaoa? Mvua kubwa ya mwaka ule ilikuwa imepita?

Ulaya wana njia ambayo sisi hatuwezi kuitumia kwa urahisi. Mwaloni wao huweka pete moja kila mwaka, nene au nyembamba kulingana na hali ya hewa, na mfuatano wa pete hizo hulinganishwa na rekodi ndefu. Nyumba ya shamba ya Bayleaf, iliyokuwa Chiddingstone katika jimbo la Kent, Uingereza, ilipimwa hivyo, na ukumbi wake ukaonekana kuwa ni wa kati ya 1405 na 1430. Sehemu nyingine iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 16. Nyumba hiyo ilikuwa njiani mwa bwawa la Bough Beech. Wakaifungua kiungo kwa kiungo mwishoni mwa miaka ya 1960, wakaisimamisha tena kwenye makumbusho ya majengo huko Singleton, Sussex. Miti yetu mingi ya pwani haina pete zinazosomeka wazi namna hiyo, kwa hiyo kwetu mzee aliye hai ndiye rekodi. Mwandikeni kabla hajaondoka.

Swali: Shikamoo baba. Niko Ujerumani, Niedersachsen, nimeolewa katika familia yenye nyumba ya shamba ya zamani sana. Ni mihimili mikubwa ya mwaloni, na katikati ya mihimili ni udongo uliochanganywa na majani makavu. Juu ya mlango mkubwa wa mbele pamechongwa jina la mume, jina la mke na mwaka. Nilipouona ule udongo nilikumbuka nyumbani Tanga. Je, ni kitu kimoja? Halafu shemeji yangu anataka kukata nguzo moja ya ndani ili apanue jiko, na nyufa kati ya mbao na udongo anataka kuziziba kwa sementi.

Marahaba, binti yangu. Kwanza zuia msumeno. Mwambie shemeji kwamba katika nyumba za namna hiyo safu mbili za nguzo za ndani ndizo zinazobeba dari na sehemu kubwa ya uzito wa paa. Kuta za pembeni hazibebi mzigo mkubwa. Akikata nguzo moja, mzigo wake unahamia kwa jirani zake, na hazikuchongwa kwa mzigo huo. Pia huko kila jimbo lina sheria ya kuhifadhi majengo ya kale, na nyumba yenye maandishi ya mlangoni huenda imo katika orodha. Apate ruhusa ya maandishi na mhandisi wa miundo ya mbao kabla ya kugusa chochote.

Sasa swali lako zuri. Nyumba hiyo, Hallenhaus kama wanavyoiita wao, na ile ya Tanga zina wazo moja: miti ibebe, udongo uzibe. Mpango wake nao una akili nyingi. Ule mlango mkubwa ulikuwa wa gari la mavuno, linaingia zima hadi sakafu ya katikati, mahali pa kupuria nafaka. Ng'ombe na farasi walifungwa kushoto na kulia, vichwa vikitazama katikati ili walishwe kwa urahisi. Nyasi na nafaka zilikaa darini, juu ya zile nguzo. Watu walikaa mwisho wa nyumba, penye moto wa wazi, na zamani hapakuwa na bomba la moshi. Moshi ulitambaa darini, ukakausha mavuno na kufukuza wadudu kwenye mbao, halafu ukatoka ulipopata upenyo. Jiko la bibi yako Tanga lilifanya vivyo hivyo kwa makuti na makombamoyo, na ndiyo maana paa la jikoni lilidumu kuliko la chumbani. Sisemi mrudishe moshi ndani, unaua mapafu. Nasema moto ukishaondoka, mtu achukue kazi ya kukagua wadudu.

Tofauti kubwa ziko mbili. Wao huchonga: ulimi wa mti mmoja unaingia katika tundu la mwingine, na kigingi cha mbao kinapigwa kati. Sisi tunafunga kwa kamba. Na wao, karne nyingi zilizopita, walizitoa nguzo ardhini. Zamani nao walizichimbia kama sisi, nazo zikaoza kama zetu. Walipozisimamisha juu ya jiwe, au juu ya mti uliolazwa juu ya mawe, nyumba zikaanza kuishi miaka mia tatu, mia nne na zaidi.

Wasomaji wa huku msikurupuke kwenda kukata nguzo na kuziweka juu ya mawe. Nguzo iliyochimbiwa inashikwa na ardhi isilale upande. Ukiitoa ardhini, ni lazima uweke miti ya mshazari kwenye pembe ili ikishike kiunzi. Tazama kuta za shemeji wa binti huyu: ile mihimili iliyolala kiupande haikuwekwa kwa mapambo.

Kuhusu sementi, mama, waambie wakwe zako waulize mafundi wao wenyewe wa uhifadhi. Katika karne ya 20 nyumba nyingi za mihimili Ulaya zilizibwa kwa sementi na kupakwa rangi zisizopitisha hewa, na mwaloni uliokaa imara kwa karne kadhaa ukaoza nyuma ya viraka hivyo. Leo mafundi hao wanabandua sementi na kurudisha udongo na chokaa. Nyufa za pembeni mwa mhimili zizibwe kwa udongo laini wenye majani makavu, na mti uachwe utikisike kidogo na majira.

Swali: Mchwa wamepanda nguzo tatu. Jirani ananiambia nimwage oili chafu. (Muheza)

Usimwage. Oili chafu ina sumu, inateremka ardhini kuelekea kisima chako, inauchochea moto ukitokea, na haiingii ndani ya mti alipo mchwa. Chukua kisu, choma nguzo kiganja kimoja juu ya ardhi, halafu fukua uchome kiganja kimoja chini. Kisu kikiingia kwa urahisi, mguu umekwisha na hakuna dawa ya kuurudisha.

Hapo kazi ni ya kubadili mguu. Tegemeza mwamba kwanza kwa miti miwili, mmoja kila upande wa nguzo. Narudia: kwanza. Ndipo ukate sehemu iliyooza, uunge mguu mpya wa mti mgumu kwa kiungo cha mshazari kirefu. Kama mguu uko mzima, vunja njia za udongo za mchwa, ondoa kuni na maboksi yaliyoegemea ukuta, kausha mahali hapo, na kagua kila wiki. Kuni zilizopangwa ukutani ndizo ngazi ya mchwa, na karibu kila nyumba ninayoletewa picha yake inazo.

Swali: Tutoe makuti tuweke mabati? (Kwale)

Mkitaka, wekeni. Makuti yanashika moto, yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na minazi imepungua. Sitamlaumu mtu mwenye watoto kwa kuogopa moto. Ninachokipinga ni namna mnavyoyaweka. Paa la makuti lina mwinuko mkali na linatokeza mbali, kwa sababu bila hivyo linavuja. Mkifika kwenye mabati mnalilaza paa na kukata upenu ili kuokoa bati mbili, na kuanzia siku hiyo mvua yote inapiga ukuta. Nusu ya nyufa ninazoulizwa humu zilianzia dukani, pale mtu alipopunguza idadi ya mabati.

Halafu kuna upepo. Makuti ni mazito na yanapitisha hewa. Bati ni jepesi na linashikwa na upepo kutoka chini. Fungeni makombamoyo kwenye mwamba, na mwamba kwenye nguzo, kwa waya mnene au mkanda wa chuma, wala msitegemee misumari peke yake.

Swali: Sisi ni warithi watano. Nyumba ya mama iko Kilwa Kivinje, ya miti na udongo. Wanne wanasema ni aibu, ibomolewe tujenge ya tofali. Mimi sijui. Nibomoe?

Aibu si sababu ya kubomoa. Sababu ni hali ya miti, na hiyo inapimika. Pita na kisu nguzo moja moja, andika ipi nzima na ipi imeoza. Vuta uzi kutoka kona hadi kona uone kama mwamba umelala. Zikiwa mbaya ni chache, nyumba hiyo inatengenezeka kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na tofali, nondo na zege. Nguzo nyingi zikiwa zimekwisha na mwamba umeinama, basi ibomoeni bila kujuta, na msiruhusu mtu kulala humo masika yajayo.

Lakini mkibomoa, bomoeni kwa akili. Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib kule Unguja, jumba lililojengwa 1883 zama za Sultani Barghash, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili walifariki. Hilo lilikuwa jumba kubwa lenye mafundi wengi. Nyumba ndogo nayo inaua. Tegemezeni kwanza. Ezueni paa, teremsheni makombamoyo, ndipo muondoe udongo kuanzia juu. Nguzo ziwe za mwisho. Asiwepo mtu chini ya ukuta anayevuta kamba.

Kabla ya kuezua hata bati moja, pimeni. Urefu na upana wa kila chumba, nafasi kati ya nguzo na nguzo, kimo cha mwamba, mahali pa milango na madirisha. Chora kwenye daftari la mraba, piga picha kila pembe, na umkalishe shangazi au mjomba aliyebaki akueleze nani alilala chumba gani. Kazi ya siku moja. Mlango wa mbele, kama ni wa mbao ngumu, utoeni pamoja na miimo na kizingiti chake vikiwa kitu kimoja, muulaze bapa juu ya matofali mahali pakavu, kwa sababu ukiegemezwa ukutani utapinda. Matajiri wa mahoteli watakuja kuuliza bei kabla vumbi halijatulia. Msiwauzie kabla warithi wote watano hawajakaa na kukubaliana. Vile vipimo niletee, pamoja na orodha ya nguzo nzima. Nitawaambia zipi zinaweza kuchimbiwa tena, hata kama ni kwa banda la uani.